Gari Lililolala Ukweni
Sehemu ya Sita: Usiku wa Saa Nne Asubuhi

Mnaonisoma mmeshanizoea, mimi Dennis wa duka la dawa za mifugo, Musoma mjini. Mnajua nimenunua gari. Mnajua pia halijanipa raha hata wiki moja.

Kwa aliyeingia leo nitasema kwa ufupi, maana uchungu ukirudiwa mara nyingi hugeuka kichekesho, na mimi bado sijafika huko.

Gari ni jipya, dogo, limeinuka kidogo kutoka chini. Si la kutambaa kama taksi, si la porini kama la watalii. Ni gari la mtu wa katikati kama mimi. Rangi ya maziwa. Halina ufunguo wa kuchomeka, unabonyeza kitufe linaamka.

Siku nilipolipata nilitakiwa kulipeleka moja kwa moja Butiama kwa baba yangu, Mzee Makongoro. Alikuwa amepikisha pombe ya ulezi na kuwaita wazee wenzake waje walitemee mate ya baraka. Mimi nikaona nipitie kwanza Nyegina kwa wazazi wa mke wangu, Prudence, dakika mbili tu, mama mkwe alione. Mvua ikashuka, njia ikageuka tope, tukalala.

Kwetu, ng'ombe mpya akilala usiku wake wa kwanza ukweni, huyo ameshakuwa mahari. Hilo halina mjadala. Baba alikaa na kibuyu chake mpaka jua likazama, kisha akawaambia wazee wanywe waende zao, mwanawe ameoa mara ya pili mwanamke yule yule.

Ningependa kusema sikuijua mila hiyo. Niliijua. Nilidhani tu kwamba gari si ng'ombe.

Tangu hapo nimegonga mbuzi Nyamuswa. Kioo cha mbele kimepasuka likiwa limesimama uani kwangu Kamunyonge, bila jiwe wala mtoto. Halafu ikaja ile kengele ya mkanda, ambayo ililia kwa kiti cha kushoto wakati hakuna mtu aliyekikalia, tena ikilia zaidi kila nilipokata kona ya kwenda kwetu. Watu wakasema nimebeba mtu nisiyemwona.

Fundi Isaya wa Bunda alicheka sana. Alisema mama mkwe aliwahi kukaa hapo na mfuko wa furu wabichi, maji ya samaki yakapenya kwenye kiti, na kile kifaa cha kupima uzito kimelewa. Akachomoa waya wake. Akaniambia sasa kiti hicho ni bubu mpaka kifaa kipya kifike, na viti vya nyuma havina kengele kabisa. Kilichobaki na sauti ni cha dereva peke yake.

Mtakikumbuka hicho kiti cha dereva. Mimi sitakisahau.

*

Siku ninayowahadithia leo nilikuwa nampeleka mama mkwe Nyegina kutoka sokoni, jua ndiyo kwanza linatoka. Mama Yuliana alikaa mbele kushoto, furu wake mapajani kama kawaida. Prudence alikaa nyuma. Tulikuwa tunazungumza habari za kwaya, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikajisikia mtu mwenye gari, sio gari lenye mtu.

Simu ikaita.

Sasa, simu yangu na hili gari wameoana. Ikiita mfukoni, sauti inatokea kwenye spika zote, mbele na nyuma. Nikapokea bila kufikiri. Alikuwa kaka yangu Clementi, anayeishi na baba pale nyumbani.

"Dennis, baba amezidiwa. Njoo na gari. Ila usije na hao watu wa Nyegina. Amesema gari ni lao, walishalila, hataki kuwaona wanalikalia."

Nilitafuta kitufe cha kuzima kwenye usukani. Nikabonyeza cha kuongeza sauti.

"Unanisikia?" Clementi akasema, safari hii kwa ukubwa wa kanisa. "Hao watu usije nao."

Nilipofanikiwa kumzima, ndani ya gari palisikika kiyoyozi peke yake. Nikamtazama mama mkwe kwa pembeni. Alikuwa anatazama mbele, mikono juu ya samaki wake, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekasirika.

"Kumbe gari ni letu," akasema.

Nikaanza kujieleza kwamba mzee ni mgonjwa, mgonjwa husema lolote, asiyaweke moyoni. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sijasema mimi," akasema. "Amesema mzazi mwenzangu."

Tulipofika kwake hakushuka. Nilisimamisha, nikazunguka, nikamfungulia mlango kama ninavyomfungulia siku zote, akaendelea kukaa. Jirani wakaanza kutoka. Prudence akapiga magoti palepale kwenye mchanga, akamwomba mama yake kwa lugha yao, kwa muda mrefu, na nilisikia jina la baba yangu likitajwa zaidi ya mara moja.

Mwishowe mama akashuka. Akaufunga mlango taratibu, vile mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake mwenyewe.

"Nenda nalo ukamtibu baba yako," akaniambia. "Akishapona, lirudi hapa."

Prudence alibaki Nyegina. Aliniinamia dirishani akanisihi nisibishane na mzee hata akinitukana, kwa sababu kifua cha mtu wa umri ule hakina nafasi ya ugomvi na pumzi kwa pamoja. Niliondoka nikiwa na gari ambalo upande mmoja ulisema nimeligawa na upande mwingine ulisema umelipokea, na mimi katikati ndiye ninayelijaza mafuta.

*

Zamani nilikuwa siwezi kupita Makutano bila watu kunipungia lifti. Mwenye gari hana kabila, kila mtu ni ndugu yake. Siku hiyo nilipokata kuelekea Butiama, wamama wawili wenye mizigo waliinua mikono, wakaliona gari vizuri, wakaishusha.

Habari zinatembea kuliko matairi. Nikapiga moyo konde nikaongeza mwendo.

Nilimkuta baba amelazwa kwenye mkeka barazani, ameegemezwa mito, kwa sababu ndani alishindwa kuvuta hewa. Nilikuwa sijamwona tangu ile aibu ya kulilaza gari ukweni. Nilimwacha mzee wa kuchapa fahali fimbo, nikamkuta mifupa iliyovaa koti. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Kila akivuta pumzi kinalia fiii, kila akitoa kinalia tena, na ukikaa karibu naye unajikuta unavuta hewa kwa niaba yake.

Niseme wazi: nilimpenda baba yangu pale kwenye mkeka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na niliogopa.

Clementi akanivuta pembeni. Mganga wa zahanati alikuwa ameshampima. Kifua kimejaa maji, apelekwe Musoma leo hii hii akawekewe mashine ya hewa, akichelewa mpaka kesho tusimlaumu mtu. Hajainuka kwenye mkeka huo tangu Jumapili, hata chooni anabebwa.

Nikasema basi tumpakie.

"Hapandi," Clementi akasema.

"Tumwitie gari la wagonjwa."

"Hapandi hilo pia. Anasema ana mtoto mwenye gari, akibebwa na gari la serikali watu watasemaje."

Nikauliza kwa nini wasimnyanyue tu, wanaume tupo. Clementi akanitazama vile wakubwa wanavyomtazama mtu aliyekaa mjini hadi akasahau kwao. Baba alikuwa ameshasema, mbele ya mashahidi, kwamba atakayemweka kwa nguvu ndani ya mali ya watu, atamwachia neno. Na neno la baba anayekata roho kwetu halifutwi na padri wala askofu. Clementi ana watoto. Mimi na Prudence bado tunaomba. Nani angemshika miguu?

Hapo nikaelewa tumefungwa kamba pande zote. Gari lipo nje ya boma, tangi limejaa, Musoma si mbali, na baba yangu anazama maji akiwa nchi kavu kwa sababu ya usiku mmoja wa mvua.

*

Nilikwenda kukaa karibu naye. Nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alikuwa analitazama gari kupitia mlango wa boma, na alilitazama kwa muda.

"Halinaga ufunguo," akasema. "Linawashwaje?"

Jamani, furaha ndogo kama hiyo inaweza kumliza mtu mzima. Nikachukua makatambuga yake ya tairi, nikayapanga kwenye mkeka karibu na nyayo zake. Hili la kushoto ni kipedali kipana, hili la kulia ni chembamba. Unakanyaga kipana, unabonyeza kitufe, linaamka. Halafu unavuta ule mkono wa katikati mpaka kwenye herufi ya D. Ukitoa mguu, linaanza kutembea.

"Lenyewe?"

"Lenyewe, baba."

"Kama ng'ombe," akasema, na mguu wake mmoja ukasogea, ukagusa katambuga la kushoto.

Akaniuliza habari za kengele. Alikuwa ameisikia, nani hakuisikia. Nikamwambia hakuna shetani pale, ni mashine inadai mkanda tu. Mtu akikaa hajafunga, inalia, hata likiwa halijawashwa. Akifunga, inanyamaza.

"Kumbe linamjua mtu," akasema.

Nilitaka kuendelea na somo, nimfikishe kwenye kusimamisha, lakini kikohozi kikamkamata. Kilimtikisa hadi Clementi akaja kumshika. Alipotulia alikuwa amefumba macho, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Nikarudi kwa Clementi nikamwambia potelea mbali, laana na iwe yangu, ninambeba. Na ningembeba. Ndipo shangazi Robi aliponiita.

Shangazi Robi ni dada mkubwa wa baba. Alikuwa jikoni muda wote, anasikiliza, kwa sababu wanawake wa kwetu hawaingilii neno mpaka liwe limewashinda wanaume. Akaniuliza kama kweli nataka baba apone au nataka kushinda. Nikasema apone.

"Basi gari lilale hapa," akasema. "Ng'ombe aliyepotelea ukweni akirudi akalala zizini kwa mwenye boma, amerudi nyumbani. Wote wanajua hivyo."

Nikamwambia shangazi, hatuna usiku wa kusubiri. Mganga amesema leo.

"Nani amesema tutasubiri? Sisi tulikuwaga tunatengeneza usiku. Mtoto anataka maziwa, ng'ombe amerudi mchana na hakamuliwi mpaka alale, utamwambia mtoto angoje jua lizame?"

Clementi alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Shangazi akamjibu kwamba hajawahi kusikia vingi. Akaenda mwenyewe kumwinamia baba sikioni. Tulimwona baba anatikisa kichwa kukataa, kisha anasema kitu. Shangazi akakirudia kwa sauti ili sote tusikie.

"Amekubali. Mwenye ng'ombe alale mlangoni. Kumtoa, atamtoa yeye."

Tulielewa kwamba baba atabebwa mpaka zizini, aliguse gari kwa fimbo yake, liwe limetolewa. Mgonjwa wa hali ile angefanya nini zaidi?

*

Wasomaji wangu, nimeona mengi katika mkoa huu, lakini sijawahi kuona watu wazima wakiuita usiku saa nne asubuhi.

Ng'ombe waliokuwa wanasubiri kwenda malishoni walirudishwa zizini. Nikaliingiza gari katikati yao polepole, kamera ya nyuma inanionyesha pembe tu, kisha shangazi akaniamuru niligeuze. Ng'ombe wa kutoka hulala akitazama mlango. Nikaligeuza, pua ikaelekea kwenye magogo ya mlango. Ndama mmoja akaanza kulilamba taa.

Nikazima, nikashuka, nikaweka rimoti mfukoni. Shangazi akanyoosha mkono.

"Unalala na kamba ya ng'ombe mfukoni? Irudishe shingoni kwake."

Nilijaribu kumweleza kwamba rimoti ikiwa ndani, yeyote anaweza kuliwasha. Nikaona naongea na mlima. Nikairudisha rimoti ndani, kwenye kile kishimo cha chupa ya maji, na nikauacha mlango wa dereva bila kufunga vizuri, kwa sababu alisema zizini hakuna anayefungiwa.

Moto wa jikoni ukamwagiwa maji. Majogoo wakafunikwa kwa matenga, maana jogoo wa mchana hana adabu, anaweza kuwika akavuruga kila kitu. Simu zote zikazimwa. Jirani wakaambiwa wasibishe hodi. Watoto wakaingizwa ndani wakalazwa wakicheka, wakafinywa, wakaacha kucheka. Baba naye akabebwa na mkeka wake mpaka chumbani, chumba ambacho kina kile kilango cha nyuma kinachotokea zizini, wanakopitisha ndama wakati wa mvua. Clementi akalala kwenye mlango wa mbele wa chumba hicho. Kilango cha nyuma hakikuwa na mtu, kwani nani angepita huko?

Mimi nikatandikiwa ngozi mlangoni mwa zizi, upande wa ndani, miguu huku na kichwa huku, nimeuziba mlango mzima kwa mwili wangu. Ndivyo mwenye ng'ombe anavyolala. Nikafunikwa blanketi toka utosini hadi kwenye vidole.

Shangazi akanipa sharti la mwisho akiwa amesimama juu yangu, na hakuwa anatania. Nisinyanyuke, nisifunue uso, mpaka nisikie naitwa kwa jina. Mwenye ng'ombe akiinuka kabla ya kuitwa, usiku umevunjika, na hautengenezwi mwingine mpaka mwezi uandame upya.

"Na kaka yangu hana mwezi mwingine," akasema. "Lala."

Nikalala. Jua linachoma blanketi, jasho linanitiririka, na boma zima kimya. Kimya kile sikukizoea. Hata usiku wa kweli una mbwa, una redio ya mtu, una pikipiki ya mbali. Huu ulikuwa na ng'ombe wanaocheua na nzi.

Nilimwomba Mungu. Niliomba kwa Kiswahili cha kanisani, nikaona kinachelewa, nikaomba kwa lugha ya nyumbani. Baba apone. Nikimfikisha Musoma akiwa hai, gari achukue anayelitaka, Nyegina au Butiama, mimi nitapanda bodaboda mpaka nizeeke.

Ndipo nikasikia filimbi.

Fiii. Kimya. Fiii.

Mwanzoni nilidhani inatoka chumbani. Lakini ilikuwa inasogea. Ilitoka upande wa kile kilango cha ndama, ikasimama, ikasogea tena, na ng'ombe wakawa wanaipisha, nikisikia kwato zao zikihama. Baba hajainuka kwenye mkeka tangu Jumapili. Chooni anabebwa.

Fiii. Karibu na gari sasa.

Mlango ukafunguka. Nikasikia uzito ukikaa, taratibu, na shokapu mpya zikashuka kidogo kama zinavyoshuka nikikaa mimi. Kisha kimya kirefu, kirefu mpaka nikaanza kujiambia kwamba ni joto, ni njaa, ni ndama anajikuna.

Kengele ikalia.

Ti, ti, ti, ti. Ile ile iliyonifukuzia abiria Makutano. Ikalia katikati ya usiku wetu wa kutengeneza, boma zima likaisikia, na hakuna aliyenyanyua kichwa kwa sababu wote waliambiwa wasinyanyue.

Kichwa changu kikaanza kufanya kazi, bora kisingefanya. Kiti cha kushoto ni bubu. Isaya alichomoa waya, nilimwona kwa macho yangu. Vya nyuma havina kengele. Kwa hiyo aliyekaa amekaa kwenye usukani.

Nikafungua mdomo kumwita. Nikakumbuka sharti. Nikiinuka, usiku umevunjika, na baba atarudi kwenye mkeka wake na hatapanda, namjua, atakufa mbele ya gari lenye tangi limejaa, na nitakuwa mimi niliyemuua kwa kukosa subira. Nisipoinuka, mlango wa zizi ni magogo mawili na mwili wangu.

Baba alisema atamtoa yeye mwenyewe. Alisema. Sisi ndio tulioongeza fimbo na kubebwa.

Kengele ikanyamaza.

Nikajua amefunga mkanda. Nilimweleza mwenyewe, kwa makatambuga yake mwenyewe, nikifurahi kama mtoto kwamba baba ananiuliza kitu.

Kitufe kikabonyezwa. Injini ikaamka, laini, ile sauti ya chini niliyokuwa nikiisifia kwa kila mtu. Ng'ombe walio mbele wakaanza kusogea pembeni, na kulipobaki wazi kati yangu na gari nikausikia upepo wa feni yake ukinigusa blanketi miguuni.

Baba hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini mila anaijua kuliko sisi sote tuliolala pale, na yeye ndiye aliyesema mwenye ng'ombe alale mlangoni. Anajua niko wapi. Anajua pia kwamba nikimwamini sitanyanyuka.

Fiii. Kimya.

Nilisubiri filimbi nyingine. Nilisubiri jina langu. Nilishika ncha za blanketi kwa mikono miwili, nisijue kama nilifunue au nijifunike zaidi, na mkono wa katikati ukaguna ukitafuta herufi yake.

Asubuhi ile nilimfundisha kuliwasha. Nilimfundisha na kuliondoa. Kulisimamisha hatukufika.

Tairi la kwanza likakanyaga samadi kavu.